Safu ya Mmiliki

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nikimwambia mtu hivyo hapa Bariadi anadhani mimi ni askari kanzu au mwandishi wa habari, kwa hiyo huongeza haraka kwamba ninayemuuliza ni kompyuta, na hapo hamu inamwisha. Marehemu baba alikuwa akiwaambia wageni kuwa binti yake "anachapa". Sikumsahihisha, kwa sababu alilisema kwa fahari.

Lugha ninayoulizia inaitwa SQL. Ina maneno machache ya Kiingereza ambayo mtu anaweza kuyashika kwa asubuhi moja: chagua safu hizi, kutoka jedwali lile, pale ambapo jambo fulani ni kweli. Mwalimu aliyetufundisha chuoni alikuwa mkali kupita kiasi, lakini alitueleza jambo lililonifanya niipende lugha hiyo mpaka leo. Lugha nyingine za kompyuta, alisema, unaielekeza mashine hatua kwa hatua: pita hapa, fungua pale, rudia. Katika hii unasema unachotaka tu, namna ya kukipata ni shauri lake. Ila ukitaka vibaya utapewa vibaya, na haitakunong'oneza kwamba pengine ulikusudia kingine.

Mimi nilikulia kwa watu ambao mtu akitaka kuazima jembe huanza na habari za mvua, akaenda mpaka kwenye afya ya bibi, jembe likaja wakati wa kuaga. Kwa hiyo lugha ya kusema unachotaka moja kwa moja ilinifurahisha kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. Imeniharibu pia. Bosi wangu akisema "nipe wafugaji wote", namuuliza wote wapi, waliosajiliwa, wenye ng'ombe sasa hivi, au hata waliouza wakabaki na zizi tupu. Anashika kichwa. Najua nachosha, na siachi.

Nadharia yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kila mstari wa jedwali ni sentensi. Mstari mmoja katika jedwali letu la ng'ombe unasema: yupo ng'ombe mwenye hereni namba hii, ni jike, ni mwekundu, analala kijiji kile, na mmiliki wake ni fulani. Jedwali zima ni rundo la sentensi ambazo mtu amethibitisha kuwa ni za kweli. Sentensi isiyokuwemo, mashine inaichukulia kuwa si ya kweli. Haisemi "hilo sijalisikia". Inasema hakuna. Kwa mashine, dunia yote ni ile iliyomo ndani yake, na nje ya hapo hakuna kitu.

Kuna kanuni nyingine pia, ambayo mwalimu wetu alikuwa akigonga meza anapoitaja. Jambo moja likae mahali pamoja, na mahali pamoja pakae jambo moja. Ukibana mambo mawili ndani ya safu moja, siku moja yatatengana na wewe hutakuwa na pa kuyaweka. Tuliandika, tukafanya mtihani, wengi wetu tukasahau.

Nilipoajiriwa na mradi wa kusajili mifugo, wenye ofisi yake hapa mjini, majedwali yalikuwa yamekwisha kuchorwa na mtaalamu kutoka Dar na yamekwisha kujazwa. Vikundi vilikuwa vimepita Itilima, vimepita Busega mpaka Mkula, vimepita vijiji vyetu vya Bariadi, vikivisha ng'ombe hereni na kuandika kwenye tableti. Kwenye kila zizi waliuliza swali moja: "Ng'ombe hawa ni wa nani?" Na kwenye kila zizi mwenye mji alijibu: "Wangu."

Mtu wa kwetu akilisikia hilo anacheka au anaguna. Usukumani ng'ombe hawalali wote kwa mwenyewe. Mtu mwenye akili huwatawanya: hawa kwa rafiki, wale kwa shemeji, wengine kwa mtu wa wilaya nyingine kabisa. Tunaita kubilisa. Ugonjwa ukiingia zizi moja, wengine wanapona. Ukame ukishika upande mmoja, upande mwingine kuna nyasi. Anayewatunza anakunywa maziwa, anatumia samadi, anafunga maksai plau na kulima, na mara nyingine anapewa ndama. Tena jambo hilo ni la siri. Mtunzaji akiulizwa na mtu wa kupita ng'ombe hawa ni wa nani, anajibu ni wake. Hasemi uongo, anamsitiri mwenzake. Atakayejibu "huyu wa fulani, yule wa fulani" ataonekana mtu wa ovyo, na hakuna atakayempelekea hata mbuzi.

Kwa hiyo safu yetu ya mmiliki ilibeba mambo mawili, anayelaza na mwenye mali, na ilijazwa na watu wenye adabu. Nililiona hilo wiki ile ile niliyoanza kazi, nikalisema kikaoni kwa sauti ambayo pengine ilizidi kidogo. Bosi, ambaye si mwenyeji wa huku na ni mtu mwema, aliniambia litaangaliwa awamu ya pili. Tangu hapo niliichukia safu ile. Nilikuwa nikiandika swali linaloigusa, nakunja uso mwenyewe.

Kisha alasiri moja shangazi yangu akaja ofisini.

Ni dada wa baba, sisi tunamwita Sengi. Anaishi Kasoli, analima pamba na mahindi kidogo, na hakujaliwa mtoto. Hakuwa amewahi kukanyaga ofisini kwetu. Alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani mpaka nikamwona.

"Mwadila, ng'wanone," alinisalimu, akiniita mwanangu kama kawaida yake.

"Mwadila, Sengi. Mhola?"

"Mhola duhu."

Habari njema tupu, kama inavyopasa kujibu. Akaketi, akauliza habari za wanangu mmoja mmoja, akanywa maji. Ndipo akasema kwamba kuna mzee kule Mwamapalala amefariki, wamemzika juzi, na ng'ombe zake ziko kwake.

"Zake nani?"

"Zangu."

Sikuwa na habari kwamba shangazi yangu ana ng'ombe. Nilijua alikuwa nao zamani yeye na mumewe. Mume alipofariki, matanga hayajaisha vizuri, shemeji zake walikuja wakafungua zizi wakaswaga wote, kwa kuwa ni mali ya ukoo wao na yeye hakumzalia ndugu yao. Hilo ukoo mzima tulilijua na tulilikasirikia. Tusilolijua ni kwamba miaka michache kabla ya hapo, kwa pamba yake mwenyewe, alikuwa amenunua mitamba na kuwabilisa kwa yule mzee wa Mwamapalala, rafiki wa baba yake. Shemeji hawakuwajua, kwa hiyo hawakuwachukua. Walizaa kimyakimya kule wakati yeye Kasoli akionekana mjane asiye na kitu.

"Sasa watoto wa marehemu wametoka Dar," alisema. "Wanauza zizi lote. Wanasema ofisi yenu imeandika ni za baba yao. Iulize hiyo mashine yako."

Niliuliza. Chagua ng'ombe wote pale ambapo mmiliki ni yeye. Skrini ikarudisha jedwali lenye vichwa vya safu na chini yake pasipo na mstari hata mmoja.

"Inasemaje?"

"Inasema hakuna."

"Inasema sina ng'ombe?"

Nilianza kumweleza ile habari ya dunia iliyofungwa, kwamba mashine inachukulia kisichoandikwa kuwa hakipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu msikivu, kisha akauliza kama nimesoma miaka yote ile ili nijifunze kumwambia hivyo. Niliona aibu, na aibu ikiniingia huwa inageuka hasira. Nikauliza tena, mara hii kwa jina la marehemu. Wakashuka ng'ombe skrini nzima, na wengine zaidi ukiisogeza kwa kidole.

Shangazi aliitazama ile mistari asiyoweza kuisoma kwa miwani ya kuazima. "Zangu ziko humo," alisema.

Alikuwa na hofu, na sikuwa nimewahi kumwona na hofu. Mwanamke asiye na mtoto wala mume, mgongo umeanza kumsumbua, wale ng'ombe ndio walikuwa uzee wake wote. Wakiuzwa mnadani asingekuwa na pa kulalamika, kwa kuwa shahidi wake pekee alikuwa kaburini.

Mtoto mkubwa wa marehemu alifika kesho yake. Kijana mpole, shati limenyooshwa, fundi wa majokofu huko Dar. Alitaka karatasi ya kuonyesha kuwa ng'ombe ni wa baba yake, kwa sababu wanunuzi wakubwa mnadani walikuwa wameizoea karatasi yetu na hawamgusi ng'ombe asiye nayo. Bosi aliniita. "Mtolee," alisema. "Ni swali dogo."

Lilikuwa dogo kweli. Na jibu lake lingekuwa sahihi kwa kila kanuni ya lugha ile.

Nilirudi mezani. Hapa niseme ukweli kuhusu kilichonipitia. Nilikuwa na ruhusa ya kubadili majedwali. Sentensi moja fupi, badilisha mmiliki awe shangazi pale ambapo hereni ni hii na hii, ingemaliza kazi kabla chai haijapoa. Sikuiandika. Sababu ya kwanza haina utukufu wowote: kila badiliko linaacha alama ya aliyelifanya, na kazi ile naihitaji. Sababu ya pili ni kwamba sikujua ni hereni zipi. Na ya tatu, iliyoniuma zaidi, ni kwamba ningekuwa narudia kosa lile lile la tableti, kuandika mali ya watu kutoka kinywa cha mtu mmoja. Eti kwa kuwa mara hii kinywa ni cha Sengi.

Lakini kuna kitu kimoja katika nadharia hii ambacho watu wengi wa fani yetu wanakichukia, na mimi nakipenda. Mahali pa kuandika jibu unaweza kupaacha tupu. Tupu si sifuri, wala si neno "hakuna". Maana yake ni kwamba hatujui. Na mashine ikikutana nayo inalazimika kuongeza jibu la tatu, maana ndiyo na hapana hayatoshi tena. Ukiuliza ng'ombe wa marehemu ni wepi, aliye tupu haji. Ukiuliza ng'ombe wasio wa marehemu ni wepi, bado haji. Anakaa pembeni mpaka mtu aje na habari kamili. Wanafunzi wanafeli mtihani kwa ajili ya kitu hicho, na watengenezaji wa ripoti wanakitukana.

Nilirudi kwa bosi nikamwomba tuache safu ya mmiliki tupu kwa zizi lote la marehemu.

"Haiwezekani," alisema. "Kila ng'ombe lazima awe na mwenyewe."

"Anaye. Sisi ndio hatumjui."

"Tumemwandika."

"Tumemwandika aliyefungua zizi."

Akaanza kuzungumzia taratibu. Nikamkatiza, jambo ambalo halifai, nikamgeukia yule kijana aliyekuwa bado amekaa kwenye benchi. "Kaka, samahani. Ng'ombe wote waliokuwa wakilala kwa mzee, walikuwa wa mzee?"

Kijana alifungua mdomo. Alikuwa ameishi Dar muda mrefu, lakini amezaliwa Mwamapalala na amechunga zizi lile. Alijua swali linauliza nini. Angeweza kusema ndiyo, na bosi angemtolea karatasi saa ile ile, na mimi nisingekuwa na la kufanya. Alitazama mikono yake.

"Hilo labda tumuulize mama," alisema.

Bosi alimtazama, akanitazama mimi, akaona kuna jambo tunaloelewana sisi wawili na yeye hayumo. Aliniambia niache tupu, kwa muda, mpaka familia ikae. Alitamka hilo neno tupu kama mtu anayeonja dawa. Nilimshukuru kweli, na nilimpelekea soda.

Familia ilikaa mwisho wa wiki iliyofuata. Tulikwenda mimi na Sengi, na mimi nilibeba kompyuta na kisomeo, kifaa cha kusoma namba za hereni. Mwamapalala palikuwa pakavu, pamba imeshachumwa, mabua yamesimama mashambani yakisubiri kuchomwa. Wanaume wa ukoo walikuwa kwenye viti upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande mwingine. Ng'ombe hawakupelekwa malishoni asubuhi ile, na walikuwa wakilalamika zizini.

Mzee mmoja, mdogo wake marehemu, alieleza kikao ni cha nini, akamwomba mjane aseme anachokijua. Mjane alikuwa mama mnene wa taratibu, kichwa amekifunga khanga ya msiba. Alichezea ukingo wa mkeka mpaka watu wakaanza kukohoa. Nilielewa, au nadhani nilielewa. Akinyamaza, wanawe wanauza zizi lote na yeye anajengewa nyumba ya bati aliyokwisha kuahidiwa. Akisema, anavunja siri aliyoitunza na mumewe tangu aolewe, tena anajipunguzia mwenyewe. Shangazi hakumtazama. Alikuwa akichora kitu vumbini kwa kidole.

Mwishowe mjane aliinuka akaenda langoni mwa zizi. "Njoo na kidude chako," aliniambia.

Akaanza kuonyesha. Huyu wa kwetu. Huyu si wa kwetu. Huyu wa kwetu, mama yake alitolewa mahari ya binti yangu. Huyu si wetu. Mimi nasoma hereni, kisomeo kinalia, naandika. Sijui kama wanawe walikuwa wakihesabu, lakini kadiri tulivyokwenda nilisikia viti nyuma yangu vimeacha kulia. "Si wetu" zilikuwa nyingi. Mzee aliyesifika wilaya nzima kwa zizi lake alikuwa na ng'ombe wake wachache tu. Wengine wote walikuwa wa watu, na aliwatunza kama mali yake mpaka akafa.

Yule fundi majokofu alikaa na mikono magotini. Nilimwonea huruma. Alikuja kuzika tajiri, na sasa anamjua baba yake upya mbele za watu.

"Si wenu ni wa nani?" aliuliza mdogo wa marehemu.

"Wenyewe watakuja," alisema mjane. "Siwezi kuwataja. Aliyekuja ni huyu." Na kwa mara ya kwanza alimwelekezea kidole shangazi yangu.

Hapo Sengi aliinuka naye akaingia zizini. Wale wanawake wawili walitembea katikati ya ng'ombe wakizungumza Kisukuma chao cha haraka, huyu na mama yake, yule na bibi yake. Wakafika kwenye mtamba mmoja mweusi mwenye doa tumboni, wakabishana. Sengi anasema ni uzao wa ng'ombe wake aliyekufa kiangazi kile kibaya. Mjane anasema huyo alipewa mumewe kwa ajili ya kazi, na Sengi mwenyewe ndiye aliyempa, amesahau kwa uzee. "Uzee wa nani?" aliuliza Sengi. "Mimi na wewe nani alizaliwa kwanza?" Watu walicheka, kicheko cha kwanza siku ile, na mtamba akabaki wa mjane.

Niliketi kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa nikafungua kompyuta. Wiki ile bosi alikuwa amenikubalia nigawe ile safu iwe mbili, ya mtunzaji na ya mmiliki, angalau kwa zizi hili la majaribio. Nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa. Mtunzaji: mjane. Mmiliki wa wale wa kwao: mjane na wanawe. Mmiliki wa wale ambao wenyewe hawajaja: tupu. Mmiliki wa wale wengine: nikaanza kuandika jina la shangazi.

Alinishika mkono. Aliniinua, tukazunguka nyuma ya jiko.

"Usiniandike," alisema.

Nilidhani sikumsikia.

"Mnabandika majina ya wenye ng'ombe kila ofisi ya kijiji," alisema. "Kasoli shemeji zangu wapo. Wanasoma. Wakiliona jina langu, jioni wako uani kwangu wanauliza mjane wa ndugu yao amepata wapi ng'ombe."

Nilikasirika. Nilimwambia nimegombana na bosi kwa ajili yake, nimemwaibisha kijana wa watu, mama wa watu amesimama mbele ya ukoo akasema kweli iliyomgharimu, na sasa yeye hataki kweli hiyo iandikwe. Nilimwambia jambo likiwa kweli lazima liwe na mahali pake. Nikamwambia kuna sheria siku hizi, kuna mahakama, kuna dawati la wanawake. Nilisema mengi, na mengine nilipandisha sauti.

Aliniacha nimalize. "Mwanangu, wewe unaijua mashine," alisema. "Mimi nawajua wale."

Nikamuuliza basi niandike nini. Nikiacha tupu, kesho mtu mwingine atakuja na maneno yake.

"Andika jina lako."

"Sengi, huo utakuwa uongo."

"Siyo uongo. Nakupa."

"Zote?"

"Nilizificha zisichukuliwe," alisema. "Sikuzificha ili nife nazo."

Nilisimama pale nyuma ya jiko la watu nikiangalia kuku, na nilichokuwa nacho ni woga. Amenyang'anywa mali yake na watu waliokuwa wakimwita ndugu. Amekaa miaka yote akimwamini mtu mmoja asiye ndugu, na mtu huyo amekufa. Sasa anachukua uzee wake wote anaukabidhi kwangu, bila karatasi wala shahidi, kwa kuwa tu mimi ni mtoto wa kaka yake na nimekuja naye siku ile. Ningeweza kuwauza keshokutwa, na kila mashine katika nchi hii ingesema ni haki yangu. Yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alikuwa akinitazama kama anavyotazama mbegu kabla ya kupanda.

Ng'ombe tuliwaacha pale pale kwa mjane. Sengi alimwambia maziwa ni yake kama zamani, na mjane akaitika kama mtu aliyeambiwa habari ya kawaida.

Mtu haruhusiwi kujiandikia mwenyewe mali katika mfumo wetu, na ni kanuni ninayoiunga mkono. Kwa hiyo Jumatatu nilimweleza bosi, akakuna kidevu, akaiweka kazi hiyo mikononi mwa mwenzangu wa meza ya jirani, dada mmoja anayeogopa makosa karibu sawa na mimi. Alimpigia Sengi simu ili athibitishe, akaiweka kwa sauti kubwa juu ya meza. Mimi nilijifanya nashughulika na kazi nyingine.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka ofisi ya mifugo. Ng'ombe hawa walioko Mwamapalala, ni wa nani?"

"Za mwanangu," alisema Sengi, bila kusita.

Mwenzangu aliandika. Safu iliyofuata ilitaka uhusiano wa aliyethibitisha na mmiliki, si jina lake, na ina machaguo machache: mzazi, mwenzi, ndugu, jirani. Alininyanyulia macho. Ananijua. Amewahi kuniona nikirudisha ripoti nzima kwa sababu ya herufi. Anajua pia kwamba mama yangu mzazi yuko Mkula, mzima wa afya, na huwa anatuletea mchele.

"Mzazi," nilisema. "Bofya mzazi."

Akabofya. Kwenye simu tulisikia jogoo, na mtu akipita akimsalimu Sengi, na yeye akimwitikia kwa utulivu kama hana haraka yoyote.

"Imeshaandika?" aliuliza.

"Imeandika, mama."

"Na mimi, jina langu limo?"

Mwenzangu akanisogezea simu nijibu mwenyewe. Niliangalia skrini ingawa nilikuwa najua. "Hujaandikwa popote, Sengi."

"Wabeja," alishukuru. Sauti yake ilikuwa nyepesi, sikuwa nimeisikia hivyo tangu mumewe alipokuwa hai. "Basi Jumapili ukitoka kanisani uje, twende tukaone ng'ombe zako."